Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ukarimu ni sifa njema, lakini ukarimu usio na mipaka hugeuka unyonge. Ewe msomaji ushukaye kila jioni katika kituo cha Kawangware 56, yapime maneno haya, maana yanahusu heshima yako na ya jirani zako.

Tazama kwanza kisiwa cha Wasini, kusini ya pwani ya Kenya, mkabala wa Shimoni. Wageni hupanda majahazi wakaenda kupiga mbizi katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyowekwa katika miaka ya 1970. Huona matumbawe, samaki wa kila rangi na pomboo, kisha hukaribishwa chakula kisiwani. Hurudi kwao wakiusifu uchangamfu wa wenyeji, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini usidhani kuwa makaribisho hayo hayana masharti. Mgeni hulipa ada kabla ya kuingia hifadhini. Katika Kisite hakuna ruhusa ya kuvua, wala kuvunja tumbawe, wala kuchukua kombe. Kisiwani nako, wanawake wa Wasini wana njia yao ya mbao ipitayo kati ya mikoko na matumbawe makavu. Atakaye kupita hulipa, na fedha ni ya wanawake hao. Hapo mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.

Sasa geuka utazame Kibera. Huko pia wageni hutembezwa, lakini kinachotazamwa si samaki, ni watu. Anayelipwa ni mwenye kuwatembeza. Mara nyingi mama aliyechunguliwa mlangoni pake hapati kitu, wala hakuulizwa. Mtoto hupigwa picha asijue itapelekwa wapi. Je, ni haki tumbawe liwe na mlinzi na mtoto asiwe naye?

Wako wasemao kwamba mgeni akiona umaskini atatoa msaada. Huenda wachache wakatoa. Lakini tabibu mwema humwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kumfunua; na mfadhili naye hana budi kuomba. Tena, aonaye matope peke yake hakuiona Kibera. Jina lenyewe latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Askari wa Kinubi walikalishwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Mahali penye historia si dirisha la kutazamia dhiki.

Wengine husema kwamba masharti yatawafukuza wageni. Mbona Wasini hawakufukuzika? Mgeni mwungwana hupenda kujua adabu za nyumba aingiayo. Anayechukizwa nazo, hasara yake si kubwa.

Sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yalinda hadhi ya kila mtu, na katika kifungu cha 31, faragha yake. Kinachokosekana ni mwenye kuidai. Basi idai wewe. Mgeni akifika, msalimu na umwulize jina, naye akuulize lako. Akitaka picha, aombe, ukikataa, aiache. Akilipa kutembezwa, aliyetembelewa apate fungu lake. Mkaribishe kwa mikono miwili, lakini ufunguo wa nyumba ubaki mkononi mwako.