Tuko rada kweli?

Mtaani tukisema fulani yuko rada, tunamaanisha yuko macho, ameshika habari. Sasa tuongee kuhusu rada yenyewe.

Ukipanda 46 jioni kutoka tauni kwenda Kawangware, spika zinapasua masikio, makanga anaita abiria, na bado mamako akikupigia simu anakusikia vizuri. Nani anakutolea hizo kelele?

Ni hesabu. Mwaka 1960, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff, pale Stanford, Marekani, walikuwa wakijaribu kuiga seli ya ubongo kwa umeme. Kifaa chao kilikisia jibu, kikapima kosa lake, kikajirekebisha kidogo, kikakisia tena. Basi. Ujanja huo ukawa mzizi wa programu zinazochuja mwangwi na kelele kwenye simu.

Watu wa rada nao wamefuata njia hiyo. Rada ya kawaida hutuma wimbi lile lile na kungoja lirudi, hata hali ya nje ikibadilika. Mwaka 2006, Simon Haykin wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, aliandika kuhusu rada inayojifunza kutokana na mwangwi kabla ya kutuma wimbi linalofuata. Mfano wake? Popo! Akimkaribia mdudu, popo huongeza kasi ya milio hadi karibu 200 kwa sekunde. Hata giza likiingia pale Chiromo, mingi hutaisikia. Ni sauti nyembamba mno kwa masikio yetu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Darasani tulinakili fomula ubaoni bila kusikia hata sauti moja ikichujwa. Juzi nikanunua maikrofoni mbili za bei ya chini Luthuli, moja nikaielekeza kwa poshomili ya jirani, nyingine mdomoni, nikaandika mistari kama kumi ya programu. Mara ya kwanza niliiruhusu ijirekebishe kwa hatua kubwa mno. Ikapandwa na wazimu, ikanguruma kuliko poshomili. Nikapunguza hatua. Sauti yangu ikatoka, si safi kama ya redioni, lakini ikatoka.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu rada sisi hununua tu. Jirani zetu Tanzania walinunua ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kwamba haikuweka kumbukumbu sahihi za malipo yaliyohusu dili hiyo, na mwishowe ikatoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Zilienda kwa vitabu na madawati. Sawa, hiyo ilikuwa kesi ya hesabu za pesa, si ya sayansi. Lakini muuzaji yeyote akikuta mezani hakuna anayeielewa mashine, nani atamuuliza maswali?

Walimu wa vyuo, wekeni ubao kando hata wiki moja, wanafunzi wachuje kelele za Waiyaki Way. Na wewe wa Kangemi mwenye jenereta dirishani, maabara unayo tayari. Anza na hatua ya 0.01 hivi, isije ikakungurumia kama yangu.