Fedha za Kurudishiwa Hutoka kwa Nani?

Mtu anayeishi kwa mshahara huzoea kuhesabu. Mwalimu ajuaye kwamba mwisho wa mwezi ungali mbali hataidharau shilingi elfu sita, wala hatumlaumu. Ndiyo maana tumeona yafaa leo kuzizungumzia tovuti zinazoahidi kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha alizotumia katika maduka ya mtandaoni. Desturi hii imeota mizizi Marekani na Uingereza, na habari zake huwafikia wasomaji wetu kupitia ndugu zao wanaosoma au kufanya kazi katika nchi hizo.

Desturi yenyewe si changa. Kampuni ya Ebates ilianzishwa California mwaka 1998, na mwaka 2014 ikanunuliwa na kampuni ya Rakuten ya Japani kwa kiasi cha dola bilioni moja. Huko Uingereza, Quidco na TopCashback zilianza mwaka 2005. Tunaitaja ile dola bilioni moja kwa makusudi. Kampuni inayogawa fedha bure hainunuliwi kwa bei hiyo. Ni dhahiri kwamba ipo faida mahali fulani, na mwananchi mwenye kufikiri hana budi kuuliza inatoka wapi.

Jibu halina siri. Mnunuzi hujiandikisha katika tovuti hizo, kisha huingia dukani kwa kupitia mlango wake. Alama ndogo huachwa katika kompyuta au simu yake, ili duka lijue mteja huyu kaletwa na nani. Akinunua, duka humlipa kamisheni aliyemleta, kama vile dalali alipwavyo. Naye dalali humkatia mnunuzi fungu katika kamisheni ile. Basi hiyo si sadaka. Ni gharama ya kutafuta wateja, na mwenye duka hana pa kuitoa isipokuwa katika bei anayouzia, pamoja na kodi ya jengo na mshahara wa makarani. Anayenunua bila kupitia kwa dalali aghalabu hulipa bei ile ile, ila yeye harudishiwi kitu.

Hatusemi kwamba watu wasizitumie tovuti hizo, la hasha. Aliyekwisha kuamua kununua kitu anachokihitaji, akalinganisha bei za maduka mbalimbali, kisha mwishoni akapitia katika tovuti ya namna hii, huyo amejirudishia kilicho chake. Lakini tuifanye hesabu. Kitu cha shilingi 200,000 kikirudishiwa asilimia tatu, mnunuzi atapata shilingi 6,000. Ikiwa alikihitaji kitu hicho, ameokoa shilingi 6,000. Ikiwa alikinunua kwa sababu ya kuvutiwa na zile 6,000, ametupa shilingi 194,000, na aliyemvutia amepata kamisheni yake. Wenye tovuti wanaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana hawachoki kumtumia mteja ujumbe wa kumwarifu kwamba kiwango kimeongezwa na mwisho wake ni leo usiku.

Isitoshe, fedha zenyewe haziji siku ile ya kununua. Duka hungoja kwanza lione kama bidhaa haitarudishwa, na Rakuten hulipa kila baada ya miezi mitatu. Alama ile ikipotea njiani, au ikafutwa na alama ya dalali mwingine, mnunuzi huambulia patupu. Ugomvi wa madalali hao ulijulikana kwa wengi Desemba 2024, pale programu ya Honey, inayomilikiwa na PayPal tangu mwaka 2020, ilipolaumiwa hadharani kwamba huweka alama yake mahali pa alama ya mtu aliyempendekezea mteja bidhaa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata kanuni za biashara hiyo. Mteja mwenyewe hakuulizwa na upande wowote.

Wanaushirika watakumbuka kwamba kumrudishia mnunuzi hakukuanza na mtandao. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walianzisha chama kilichofungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa, na kila mwanachama akawa anapata gawio kwa kadiri alivyonunua. Kwa kutazama juu juu, mtu angeweza kusema ni jambo lile lile. Lakini mnunuzi wa Rochdale alikuwa mwenye duka. Aliweza kuuliza mahesabu, na katika mkutano alikuwa na kura moja sawa na wenzake. Mnunuzi wa leo hana kura, na juu ya hayo huacha kitu ambacho watu wa Rochdale hawakukiuza kwa mgeni: habari zake mwenyewe, yaani amenunua nini, wapi, saa ngapi, na mara ngapi kwa mwezi.

Hapa kwetu lipo jambo la kuhadhari zaidi. Jina likisafiri, si lazima kitu chenyewe kisafiri nalo. Hatujasahau DECI ya mwaka 2009, ambapo watu walitoa fedha zao wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu, na Serikali ilipoingilia kati wengi walikuwa hawajavuna. Tovuti ya kweli ya kurudishia fedha haimwombi mteja aiwekee akiba ili izae, wala haimshurutishi alete wenzake kumi ndipo apate haki yake. Pasipo bidhaa iliyonunuliwa hapana kamisheni, na pasipo kamisheni hapana cha kurudisha. Anayeahidi kurudisha bila kuuza anagawa fedha za aliyeingia nyuma yako.

Kwa hiyo tunaishauri Tume ya Ushindani imtake kila anayewatangazia Watanzania huduma ya namna hii aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka nani analipa, kwa kiwango gani, baada ya muda gani, na kwa sababu zipi malipo yanaweza kukataliwa. Nayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa uwezo iliopewa na sheria ya mwaka 2022, iulize kumbukumbu za manunuzi ya wananchi zinahifadhiwa wapi, na nani mwingine anauziwa.