Mtoto Bila Daftari



Iko methali tunayoijua sote: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaipenda sana methali hii, maana ndiyo inayotupatia ugali wetu. Lakini juma hili nataka kuitumia kwa jambo lililo kubwa kuliko mali. Nataka kusema juu ya watoto wa machimboni, wale wanaokaa na wazazi wao katika vibanda vya maturubai na mabati kandokando ya maduara ya dhahabu, huku kwetu Bugarama, na pale Kakola, na upande wa Geita penye Nyarugusu na Lwamgasa. Wengi wa watoto hao hawakuzaliwa huko. Wametoka vijijini mwenu. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, alikuja ofisini kwangu mama mmoja na mwanawe wa kiume. Alipiga hodi, akavua kandambili zake mlangoni kana kwamba anaingia kanisani.

“Mwalimu, naomba karatasi,” akasema. Wengi huniita Mwalimu kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ijapokuwa kazi yangu ni ukarani.

“Karatasi gani, mama?”

“Karatasi yoyote, Mwalimu. Yoyote yenye jina lake.”

Nilimpa kiti, nikamwomba anieleze polepole. Mtoto alikuwa na miaka 11. Alianza darasa la kwanza kijijini kwao, upande wa Maswa, kwenye pamba. Alipofika darasa la pili baba yake alisikia habari ya rashi mpya kule Nyarugusu, wakafunga godoro na sufuria, wakaondoka. Duara lile halikutoa kitu. Wakahamia Lwamgasa, na huko mtoto akasoma muhula mmoja. Kisha wakaja Kakola. Baadaye baba akafuata rashi nyingine peke yake, na mpaka siku ile hawakuwa wamepata salamu zake. Mama akabaki anauza wali na maharage kwa wachimbaji kwenye makarasha.

Alipompeleka mtoto shule huku, aliulizwa barua ya uhamisho. Hakuwa nayo. Akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Akaambiwa arudi alikotoka akavilete. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi pato lake la juma zima, akasema ataenda kesho. Kesho ile ikawa miezi minane. Katika miezi hiyo mtoto alikuwa akiponda mawe kwenye karasha kwa shilingi 2,000 kwa siku, ikiwa mawe yapo. Niliitazama mikono yake. Ilikuwa imepasukapasuka kama mikono ya babu yangu.

Kosa langu mwenyewe

Nilifungua daftari la ubatizo la parokia yetu, ingawa nilijua kwamba jina lake halimo, kwa kuwa alibatizwa kwao. Hapo nikakumbuka jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, mahali pengine, alikuja mama mwingine na shida hiyohiyo. Nilitafuta jina la mtoto, sikuliona, nikamwambia, “Hayumo, mama.” Nikafunga daftari. Sikumwuliza mtoto alibatizwa wapi. Sikuandika barua. Ilikuwa saa sita na nusu, nami nilikuwa na njaa. Yule mama alishukuru, akaenda zake, na mpaka leo sijui mtoto wake yuko wapi. Nilisema kweli, jina halikuwamo. Lakini siku ile ukweli wangu ulikuwa mlango uliofungwa.

Basi safari hii nilipiga simu parokia ya kwao, kisha nikaandika barua. Siku ya tisa majibu yakaja: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, na namba ya ukurasa. Nikaongozana na mama mpaka kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani nasi. Yule mwalimu mkuu, Mungu ambariki, alimpa mtoto kitabu akamwambia asome. Mtoto alisoma akiweka kidole chini ya kila neno, lakini alisoma. Kisha mwalimu akapiga simu kwenye shule ya kwanza, na namba yake ya PReM ikapatikana, ile anayopewa kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaposajiliwa na Baraza la Mitihani. Tangu siku alipotoka kwao namba ile ilikuwapo, ikimngoja. Akaingizwa darasa la tatu.

Tusiwalaumu bure

Nimesikia watu wakisema kwamba wazazi wa machimboni hawapendi elimu, wanapenda pesa. Wazazi wenzangu, maneno hayo ni mepesi mno. Yule mama alitembea kilomita nyingi juani kutafuta karatasi yoyote.

Ni kweli kwamba serikali imeondoa mizigo mingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa kuanzia mwaka 2001, na Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Lakini sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi. Mama anayeishi kwa faida ya sufuria moja ya wali hawezi daima kuvipata. Na mtoto akiwa na njaa, karasha humlipa jioni ileile, bali shule humlipa baada ya miaka kumi. Hapo ndipo penye vita.

Tena shule haina miguu. Rashi ikivuma, watu humiminika mahali pamoja kwa majuma machache, na vibanda huota kama uyoga. Shule iliyojengwa kwa ajili ya kijiji kimoja hupokea watoto wa vijiji vitano. Dhahabu ikikauka watu huondoka usiku, na mwalimu asubuhi huita majina asijibiwe. Mtoto kama huyo hakufukuzwa, wala hakuhitimu. Ametoka katika daftari moja bila kuingia katika lingine. Amepotea bila habari, kama ile methali isemavyo.

Nami naijua ladha ya jambo hili. Nilikuwa mtoto wakati mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulipoanza kazi mwaka 2001. Eneo lile lilichimbwa kwanza na wachimbaji wadogo, ambao waliondolewa mwaka 1996, nao wakatawanyika kutafuta mashimo mengine. Wenzangu kadhaa wa darasa la sita waliwafuata. Walirudi Krismasi na baiskeli mpya na redio, nasi tuliobaki na kaptura zenye viraka tukawaonea wivu. Leo mmoja wao huja ofisini kwangu nimsomee ujumbe katika simu yake. Ameshika dhahabu nyingi ambayo mimi sitaishika kamwe, lakini hajui mwenziwe amemwandikia nini.

Hatari isiyoonekana

Yako mabaya kuliko kutojua kusoma. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, baada ya kutembelea machimbo ya Geita, Kahama na Chunya. Waliwakuta watoto, wengine wa miaka 8 tu, wakishuka mashimoni, wakibeba viroba vya mawe, na wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Juu ya zebaki nataka mnisikilize vema, maana haina harufu ya kumwonya mtu. Mawe yakisha kusagwa, unga wake huchanganywa na maji na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni, zebaki ikapaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Wengine huchoma nyumbani, hata jikoni, watoto wakiwa wamekaa pale pale wakingoja uji. Mvuke ule hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima. Mikono hutetemeka, akili huzubaa. Mtoto wa namna hiyo hata akirudi darasani mwalimu atamwita mzito, kumbe ni sumu.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtumikisha mtu aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, na kazi ya machimbo imetajwa humo. Lakini sheria haibebi mtoto mgongoni. Lazima awepo mtu wa kumshika mkono.

Wengine walifanya nini

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Nairobi, Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, lilelile lililojenga misioni ya Bukumbi hapa Usukumani mwaka 1883, aliwaona watoto wa mitaa ya mabanda wakilala barabarani. Mwaka 1973 akaanzisha chama cha Undugu. Wenziwe wa Undugu waligundua kwamba mtoto wa miaka 12 hawezi kuketi na wa miaka 6 bila kuona aibu, wala hana miaka saba ya kungoja. Wakafungua madarasa katika mitaa ya mabanda, Mathare ukiwa mmojawapo, wakafupisha masomo yakawa ya miaka michache, wakaongeza kazi za mikono. Sare haikuwa sharti. Shule ilimfuata mtoto alipo.

Nchini mwetu pia tuna mpango wa namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Una makundi mawili, la miaka 11 mpaka 13, na la miaka 14 mpaka 18. Mtoto wa kundi la kwanza akifaulu huweza kurudi katika shule ya kawaida. Si kila shule ina darasa hili, lakini mzazi ana haki ya kumwuliza Afisa Elimu Kata lilipo.

Sisi wa vijijini tufanye nini

Kwanza, tusiwape watu watoto wetu kama mizigo. Mjomba akija kutoka machimboni na shati jipya, akasema, “Nipeni kijana huyu, nitamsomesha kule,” mwulizeni: shule gani? Mwalimu mkuu wake nani? Akikosa jibu, kijana abaki.

Pili, kama hapana budi kuhama, msiondoke usiku. Pitieni kwanza kwa mwalimu mkuu, mchukue barua ya uhamisho pamoja na namba ya PReM ya mtoto. Ni kazi ya asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo ikikosekana mtoto hupoteza mwaka.

Tatu, andikisheni watoto wangali wachanga. Mtoto aliye chini ya miaka 5 hupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo kwa mpango wa RITA, katika ofisi ya kata au mahali mnapompeleka kliniki. Cheti kitieni katika mfuko wa nailoni, mbali na mchwa na mvua.

Nne, mkiwa na mjukuu au mpwa aliyekwisha kupotelea huko, mpelekeeni habari kwamba kwao papo. Akirudi, asichekwe kwa sababu ya umri wake. Kicheko cha wenziwe humrudisha mtoto shimoni upesi kuliko njaa.

Na sisi tunaokaa nyuma ya meza, makarani, watendaji na walimu, tusimwambie mama “lete karatasi” kabla ya kujiuliza kama karatasi hiyo twaweza kuitafuta wenyewe kwa simu moja. Yeye atahitaji nauli. Sisi twahitaji dakika tano.

Sasa mtaniuliza, mtoto yule je? Sitaki kuwadanganya. Juma la tatu mwalimu aliniambia kwamba hakuonekana siku mbili. Nikaenda, nikamkuta kwenye karasha. Hakunikimbia. Alisema, “Mwalimu, mchango wa chakula haujatimia.” Akina mama wa jumuiya ndogondogo ya hapo jirani waliposikia, walikusanya debe mbili za mahindi, wakazipeleka shuleni kwa jina lake na kwa majina ya wenziwe wawili. Akarudi. Mwaka huu yuko darasa la nne. Zimo siku ambazo bado hukosekana, na kila akikosekana moyo wangu hushtuka. Lakini sasa akikosekana, jina lake huitwa, na yuko mtu wa kuuliza yuko wapi.

Daftari ni kwa kazi hiyo. Yule mtoto mwingine, wa mama niliyemrudisha, hakuna mahali anapoitwa. Nimeliandika kosa langu hapa ili lenu lisiwe kama langu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi, Karani wenu, Bugarama.