Anayechanganya Herufi Apimwe Macho

Katika madrasa moja tunayoifahamu alikuwako mtoto wa miaka sita aliyeshindwa kupambanua ba na ta. Nukta moja chini, nukta mbili juu. Kwake zote zilikuwa ukungu. Ustadhi alimwita mvivu, nyumbani akaitwa mkaidi, ilhali katika kuhifadhi kwa kusikiliza aliwapita wenziwe. Alipopimwa macho, alipewa miwani ya namba +7.

Watoto wengi huzaliwa na kasoro hii ya kutoona karibu kwa kiasi kidogo, nayo hupungua kadiri jicho linavyokua. Mtoto huifidia kwa kulikaza jicho. Kasoro ikiwa kubwa, jitihada hiyo humshinda, hata vya mbali akaviona kwa ukungu. Au macho huvutwa kuelekea puani yakawa makengeza. Ubongo usiopata taswira iliyo wazi katika miaka ya mwanzo haujifunzi kuona sawasawa, na miwani ya ukubwani huenda isirejeshe kilichopotea. Ndiyo maana kauli ya “akikua yatanyooka” hututia hofu.

Hata hivyo, matumaini yapo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, watoto wa kuanzia miaka mitatu hadi chini ya kumi, waliokuwa na uoni hafifu wa macho yote mawili kwa kukosa miwani, walivishwa miwani. Baada ya mwaka mmoja, karibu watatu kati ya wanne walikuwa wakiona kwa kiwango cha kawaida au kinachokikaribia. Palipo na jicho moja lililozidi kudhoofika, daktari huweza kuagiza lile zima lizibwe kwa saa kadhaa kila siku. Mzazi aulize pia kuhusu matone ya kulegeza jicho kabla ya kipimo, kwani mtoto anayekaza macho huificha kasoro yake.

Kinachotuumiza zaidi ni miwani inayovuliwa na mzazi mwenyewe. Wapo wanaodhani kwamba huyadhoofisha macho, sivyo. Mama mmoja alilalamika kuwa lenzi zinayakuza mno macho ya binti yake, atakosa mchumba. Binti ana miaka minne!

Yule mtoto wa madrasa sasa anasoma Juzuu Amma kwa kutazama msahafu, miwani imefungwa kisogoni kwa kamba ya mpira, na ustadhi ndiye anayemkumbusha kuivaa.