Filamu Itaanza Lini?

"Mjomba, hii filamu itaanza lini?" aliniuliza mpwa wangu, na hapo tulikwisha kutazama nusu saa nzima. Sikumjibu. Namjibu leo, yeye pamoja na wote waaminio kwamba filamu ya wahalifu isiyo na risasi wala magari kufukuzana ni kupoteza wakati.

Filamu yenyewe ni Le Trou, yaani Tundu, ya Mfaransa Jacques Becker. Ilitoka mwaka 1960, majuma machache baada ya yeye kufariki. Wafungwa watano wa chumba kimoja katika gereza la La Santé, Paris, wanataka kutoroka. Kisa chatokana na jaribio la kweli la mwaka 1947, na mmoja wa waliojaribu, aliyejiita Jean Keraudy, ni miongoni mwa waigizaji.

Hamna muziki wa kukuambia uogope lini. Kuna chuma na saruji. Kwa dakika kadhaa, bila picha kukatwa, twaitazama sakafu ikimeguka kidogo kidogo. Mkono huu ukichoka, mwingine unapokea. Bandu bandu huisha gogo, ndivyo tunavyowafundisha watoto. Kisha tukionyeshwa gogo lenyewe likibanduliwa, tunasinzia!

Wapo watakaosema: si angetuonyesha pigo la kwanza, halafu tundu? Nasema hapana. Tungeliona tundu, tusingeijua gharama yake. Walinzi wanapojaa mlangoni mwishoni, na wenzake wanapomtazama Gaspard, mgeni wa chumba, aliyeipeleka filamu mbele ataona watu wamesalitiwa, basi. Aliyekaa akahesabu yale mapigo ataumia, maana naye alichimba.

Wala suala hili si la filamu peke yake. Kijana huyo huyo aliacha karakana ya useremala mwezi wa pili, kwa sababu kila siku alipewa randa tu, naye alitaka kutengeneza kabati. Sidai kwamba filamu ingemzuia. Nadai kwamba ugonjwa ni mmoja: kutaka kabati bila randa, tundu bila nyundo, na mwisho bila njia ya kuufikia.

Basi, mpwa wangu, jibu lako ni hili. Filamu ilikuwa imekwisha kuanza zamani. Wewe ndiye uliyekuwa hujaanza kuitazama. Njoo Jumamosi tuirudie, na rimoti nitaikalia mimi.