Pointi Ngapi, na Elimu Gani?

Mtoto akirudi nyumbani kutoka chuo kikuu, neno la kwanza la baba ni hili: «Umepata pointi ngapi?» Swali hilo ni la haki. Jamaa imejinyima mengi ili kulipa karo, nayo yataka kujua kama fedha yake imezaa matunda. Lakini swali la pili huulizwa mara chache: «Leo unaweza kufanya nini, ambacho mwaka jana hukukiweza?» Hilo ndilo swali gumu, na huko Marekani wakubwa wa vyuo wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 90. Tutazame waliyoyajaribu, maana yatatufaa na sisi wazazi.

Katika vyuo vya Marekani, hata kijana anayetaka kuwa mganga au mhandisi hulazimika kusoma kwanza masomo ya jumla: historia, hesabu, elimu ya viumbe, falsafa, uandishi. Shabaha yake si kumpa ufundi wa mikono, bali kumzoeza kufikiri sawasawa, kupima maneno ya watu kabla ya kuyaamini, na kueleza mawazo yake wazi. Basi, fundi seremala ni rahisi kumpima: mpe mbao, kesho utaiona meza. Lakini kufikiri tutakupimaje? Hakuna mzani wa kukutilia.

Mara nyingi mwalimu yule yule aliyefundisha ndiye atungaye maswali, ndiye asahihishaye, ndiye atoaye pointi. Wahenga walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hatusemi kwamba walimu ni wadanganyifu, hasha! Twasema tu kwamba mwalimu huuliza yale aliyoyafundisha, kwa maneno aliyoyazoea; na mwanafunzi mwerevu hujifunza upesi namna ya kumpendeza mwalimu wake. Mtihani ukiisha, maneno aliyoyakariri huruka kama makapi penye upepo.

Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho rais wake alikuwa Robert Hutchins, kilijaribu njia mpya. Mwanafunzi wa masomo ya jumla hakupimwa tena kwa kuhesabu siku alizokaa darasani. Alipojiona tayari, aliingia katika mtihani mkuu wa kila somo, nao ulisimamiwa na ofisi ya watahini iliyo mbali na mwalimu wake. Hivyo mwalimu hakuwa tena hakimu, bali mwenzi wa safari. Yeye na mwanafunzi wake walitazama mlima mmoja. Njia hiyo ilikuwa na uzuri wake, ila ilikuwa na hatari pia: kazi ya miezi mingi ilining'inia kwenye mtihani mmoja.

Katika ofisi hiyo ya watahini alifanya kazi Benjamin Bloom. Mwaka 1956, pamoja na wenzake, alitoa kitabu kilichopanga kazi za akili katika ngazi sita: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kuunganisha, na kutoa hukumu. Kwa ngazi hizo waliwaonyesha walimu jambo kubwa. Anayeuliza «Vita hivyo vilianza mwaka gani?» amegonga ngazi ya kwanza tu. Anayeuliza «Kati ya sababu hizi tatu za vita, ipi ina nguvu zaidi, na kwa nini?» amempandisha mwanafunzi juu. Basi ukitaka kujua chuo chathamini nini, usisome matangazo yake. Soma maswali yake ya mtihani.

Njia nyingine ilifunguliwa na Masista wa Alverno, katika mji wa Milwaukee. Mwaka 1973 chuo chao, ambacho wakati ule kilikuwa cha wasichana, kiliacha kutoa alama za kawaida. Badala yake walitaja uwezo wa namna nane ambao kila mwanafunzi sharti auonyeshe, kama vile kujieleza, kuchambua jambo, kutatua shida, kushirikiana na wenzake, na kuwa raia mwema. Msichana alisimama akasema mbele ya watu. Maneno yake na sura yake vikanaswa katika filamu. Baadaye alijitazama mwenyewe, akaona alipoendelea na alipobaki nyuma. Hata watu wa mjini, wasio walimu, waliitwa kutazama kazi na kutoa maoni. Kazi hiyo ni nzito, yataka muda mwingi na uvumilivu. Lakini mwanafunzi hupata kitu kipitacho namba: hujua mwenyewe anachoweza.

Je, ni lazima kusumbuka hivyo? Mwaka 2011 wataalamu wawili, Richard Arum na Josipa Roksa, walitoa kitabu juu ya wanafunzi zaidi ya 2,300 wa vyuo 24 vya Marekani. Wanafunzi hao walipewa mtihani usio wa somo moja: barua, taarifa na hesabu mbalimbali, nao watoe shauri kwa maandishi. Baada ya miaka miwili ya chuo, watu 45 katika kila 100 hawakuonyesha maendeleo ya kuaminika. Wengine walibisha, na ubishi wao una maana: mtihani usiomletea kijana faida wala hasara huenda asiufanye kwa bidii; tena maendeleo yasiyoonekana kwa kipimo kimoja huenda yapo. Hata hivyo habari hiyo iliwashtua wengi, kwa kuwa vijana wengi wa namna hiyo walikuwa wakipata alama nzuri.

Basi, wazazi, tusizidharau pointi, lakini tusizipigie magoti. Pointi ni kama alama ya njiani: yaonyesha njia, si mji wenyewe. Mtoto akija likizo, mwombe akusomee andiko alilolitunga mwaka huu na lile la mwaka jana, uyalinganishe. Mpe habari inayogombaniwa mtaani, umwulize: lipi la kweli, na wajuaje? Akijibu kwa utaratibu, akikiri asilolijua, akimsikiliza mdogo wake kwa heshima, fedha yako haikupotea. Akikujibu kwa maneno makubwa yasiyo na kitu ndani, usimkemee. Mrudishe kwa upole kwenye kazi.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta pia yauzwa sokoni, lakini aliyeagiza asali hashibi kwa nta.