Hati ya Shamba Haifutwi kwa Kalamu ya Mtu Mmoja



Mfanyakazi wa reli ana nyumba mbili. Ya kwanza ni ya kazini, iwe Nairobi, Voi au Mtito Andei, na hiyo si yake. Ya pili iko shambani kwao, na hiyo ndiyo tegemeo lake siku atakapoiacha kazi. Kwa hiyo habari ya Serikali kufuta hati za mashamba si habari ya matajiri na mawakili peke yao. Yatuhusu sisi wa Tawa na vilima vya Mbooni, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Athi huko Kitui.

Wako wanachama wasemao hivi: "Wanyang'anyi wa ardhi wafutiwe hati leo leo, bila maneno mengi." Uchungu wao twaujua. Tume ya Bwana Ndung'u, iliyowekwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya shule, ya masoko, ya misitu na ya mashirika ya umma, reli ikiwamo, ilivyogawiwa watu kama peremende. Katiba ya mwaka 2010 nayo yasema, katika kifungu cha 40, kwamba ulinzi wa mali haumfikii mtu ambaye mali yake imeonekana kupatikana kinyume cha sheria. Sisi hatumlilii mnyang'anyi. Lakini twauliza: ni nani wa kuona hivyo, na aone kwa njia gani?

Tarehe 1 Aprili 2010 Msajili wa Hati alitoa tangazo namba 3460 katika Gazeti Rasmi la Serikali, akafuta hati nyingi kwa mara moja. Kampuni moja iitwayo Kuria Greens ikaenda Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwaka 2011 Jaji Musinga akaamua kwamba Msajili hana uwezo katika sheria wa kufuta hati kwa tangazo la gazeti.

Baadaye sheria ya mwaka 2012 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi miaka 5 ya kuchungua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa. Sheria hiyo iliitaka Tume impe mwenye hati taarifa na nafasi ya kujieleza. Miaka 5 ile iliisha Mei 2017. Mwezi wa Julai mwaka huo huo likatoka tangazo lenye maamuzi mengi ya Tume. Wenye hati wakakimbilia mahakamani, na baadhi ya maamuzi yakatanguliwa, ama kwa kuwa mtu hakusikizwa, ama kwa kuwa muda ulikuwa umepita.

Mwanachama wa chama cha wafanyakazi hana haja ya kusomea sheria ili kuelewa jambo hili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kosa kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama. Hata aliyeiba kweli husikizwa kwanza. Tulipoidai haki hiyo hatukuwa tukiwatetea wezi. Tulijua ya kuwa siku mwajiri atakapoweza kumfukuza mwizi bila kumsikiza, kesho yake atamfukuza na asiyeiba, akimwita mwizi. Kalamu iwezayo kufuta hati ya tajiri kimya kimya itafuta na ya utingo wa Tawa, na huyo utingo hana kampuni wala wakili wa kumkimbilia.

Na hapa kwetu hatari yenyewe mara nyingi haitoki katika Gazeti Rasmi. Yatoka katika kazi ya kupima mashamba, chini ya sheria sura ya 284. Mtu asiyeridhika na daftari la mashamba hupewa siku 60 za kuleta pingamizi. Asiporidhika na uamuzi wa pingamizi, ana siku 60 nyingine za kukata rufani kwa Waziri. Waziri kwa kawaida haji mwenyewe. Kazi hiyo alipewa D.C., na siku hizi Naibu Kamishna wa Kaunti. Uamuzi wake sheria yauita wa mwisho. Daftari hubadilishwa, na shamba lililokuwa la Mutua huandikwa la jirani yake. Mlango unaobaki wazi ni kwenda mahakamani kuomba uamuzi wenyewe uchunguzwe.

Kesi ya namna hii yafaa ieleweke vizuri, maana wengi huiendea kwa matumaini yasiyo yake. Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2002, katika shauri la Baraza la Mji wa Mombasa na Umoja Consultants, kwamba jaji katika kesi hii hutazama jinsi uamuzi ulivyofanywa. Je, afisa alikuwa na uwezo huo? Je, alimsikiza kila mhusika? Je, aliifuata sheria? Akiona kasoro aweza kuutangua uamuzi, kumzuia afisa asiendelee, au kumlazimisha atimize wajibu wake. Lakini shamba hakupi. Aweza kurudisha jambo lisikizwe upya, na ukisikizwa upya waweza kushindwa kwa haki.

Tena, hati yenyewe haitoshi ikiwa mwanzo wake ni mbovu. Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ilivunja ukuta wa kiwanja cha kampuni ya Dina Management huko Nyali, ikisema ni njia ya watu kwenda baharini. Kampuni ilikuwa imenunua, na hati ilikuwa nayo. Lakini kiwanja kile kiligawiwa kwanza Rais Moi mwaka 1989, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hakikugawiwa kwa njia ya sheria, basi mnunuzi naye hana cha kulindwa. Ndugu anayetaka kununua ploti kwa pesa za kustaafu alitie jambo hili moyoni. Asitazame mhuri peke yake. Aulize ardhi ilitoka kwa nani, na huyo aliipataje.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wanachama:

1. Wekeni mahali pamoja hati, namba ya shamba, risiti na kila barua ya ofisi ya ardhi. Mali bila daftari huisha bila habari.

2. Wewe uliye kazini mbali, mpe mkeo au ndugu unayemwamini kazi ya kusoma matangazo kwa chifu na kwenye ofisi ya ardhi. Tangazo lililobandikwa Tawa halikufuati Mombasa.

3. Ukiitwa kwenye kikao cha shamba, omba ruhusa kazini uende. Ukikaa kimya, afisa ataandika kwamba uliitwa hukuja, na jaji ataamini maandishi.

4. Uamuzi ukitolewa, taka sababu zake kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 47, yakupa haki hiyo.

5. Usingoje. Ombi la kutangua uamuzi chini ya sheria ya zamani lina miezi 6, nayo huhesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa, wala si tangu siku uliposikia habari. Kesi hii ya shamba hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo iko hapo Makueni. Usiende kupoteza wiki katika korti nyingine.

Kwa Serikali twasema hivi. Ardhi ya shule, ya soko na ya reli irudishwe yote, nasi tutakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini mwenye hati apewe barua mkononi na siku ya kusemea, maana Gazeti Rasmi halisomwi katika soko la Tawa.

Na kwa chama chetu twasema: tawi lina mjumbe wa kusimama na mfanyakazi anapoitwa na mwajiri. Hakuna wa kusimama naye anapoitwa na ofisi ya ardhi. Mkutano mkuu ujao uamue tupate wakili wa kuwashauri wanachama, japo siku moja kila mwezi, kwa pesa za michango yetu. Mshahara tumeutetea miaka mingi. Shamba ambalo mshahara huo umelijenga lisipotee kwa sababu mwenyewe alikuwa zamu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri